Mchagua Jembe Si Mkulima: Maisha ya Edward Saidi Tingatinga

Ndugu msomaji, leo ninaandika kulipa deni. Si deni la fedha, ni deni la neno. Juzi juzi nilikuwa Iguhu, huko Kakamega, nikamwambia kijana mmoja neno nililoliona la hekima, naye akalipokea kwa adabu kama impasavyo kijana kupokea neno la mtu mwenye mvi. Nilipokuwa ndani ya basi nikirudi pwani ndipo nilipotanabahi kwamba nilikuwa nimempotosha. Neno likishatoka halirudi kinywani. Basi nimeona niandike la pili, tena hadharani, na nilitegemeze juu ya maisha ya mtu ambaye jina lake si geni kwetu sote: marehemu Edward Saidi Tingatinga, mchora picha wa Dar es Salaam, aliyefariki mwaka 1972.

Kilichonipeleka Iguhu ni binti yangu, ambaye anafundisha upande ule. Ni nchi ya Waidakho, nchi ya udongo mwekundu na majabali makubwa, ya ngoma ya isikuti, na ya mafahali wanaopiganishwa asubuhi na mapema huku wanaume wakiwafuata kwa nyimbo na filimbi. Miaka ya 1930 sehemu hizo za Kakamega zilijaa wageni waliokuja kutafuta dhahabu, na hata leo wako wanaochimba mashimo na kuosha mchanga wakitazamia riziki. Mimi mtu wa baharini nilijiona mgeni kweli kweli, lakini nilikaribishwa kwa moyo mkunjufu, na siku ya pili tu nikaambiwa kuwa kuna jirani, kijana seremala, ambaye kila Jumamosi huwakusanya watoto kibandani mwake akawafundisha kuchapa picha.

Kuchapa kwenyewe ni kule kwa lino. Kwa msomaji asiyejua, lino ni lile tandiko gumu la sakafu lililokuwa likitumika sana majumbani na maofisini. Mchoraji huchukua kipande chake, akachora picha yake juu, kisha akachonga kwa kisu chenye ncha. Pale alipochonga pataonekana peupe, na pale alipoacha ndipo patakaposhika wino. Sisi wa pwani hatuna haja ya kufafanuliwa sana, kwani fundi wa milango wa Lamu naye hufanya vivyo hivyo: huondoa mbao isiyotakikana mpaka ua likabaki limesimama lenyewe. Tofauti ni kwamba mlango hutazamwa wenyewe, ilhali lino hupakwa wino, likawekewa karatasi, likakandamizwa, na karatasi ikibanduliwa huwa imechukua picha, kulia kumekuwa kushoto na kushoto kumekuwa kulia. Kutoka kipande kimoja hutoka picha kumi, ishirini, hamsini, zote ndugu wa tumbo moja.

Sasa, lino la kuchapia, visu vyake, na wino wake ni vitu vya dukani, tena duka la mji mkubwa, na bei yake si ya kibanda cha seremala. Basi kijana yule akatafuta njia. Alipopata kipande cha lino kuukuu kilichong'olewa katika sakafu, alikitumia. Kilipokwisha, akageukia soli za kandambili zilizotupwa, na mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, akaugandisha juu ya ubao. Kwa kisu alinoa msumari. Kwa patasi ndogo ya mfereji alichukua uti wa mwavuli uliovunjika, maana uti wa mwavuli, ukiutazama, umekunjwa kama mfereji tangu kiwandani. Ukiunoa ncha, unachimba mpira vizuri kabisa. Kwa mashine ya kuchapia alitumia mgongo wa kijiko.

Wino ndio uliomtesa. Kwanza alichanganya masizi ya chungu na mafuta ya kupikia. Picha ilitoka nyeusi ya kupendeza, lakini haikukauka. Wiki mbili baadaye ilikuwa bado inachafua vidole, maana mafuta ya kupikia hayana tabia ya kukauka. Kisha akajaribu rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti la watu. Hiyo ilikauka, lakini ilikuwa nyepesi mno, ikatiririkia ndani ya michongo na kuziba kila kitu. Hakukata tamaa. Akaimwaga rangi ile juu ya gazeti kuukuu, akaiacha gazeti linyonye mafuta yaliyozidi mpaka ikawa nzito, halafu akaikoleza kwa masizi yaliyochekechwa kwa kitambaa. Hapo ikakaa. Alipotaka wekundu, aliuchekecha udongo wa nyumbani kwao, na wekundu aliupata bila ya kutoa senti. Nilionyeshwa picha ya mafahali wawili wamefungana pembe, shingo zimevimba, vumbi jekundu limewafunika miguu. Nakiri kwamba niliitazama kwa muda mrefu.

Jumamosi ile palikuwa na mgeni mwingine, mtu wa mjini aliyejitambulisha kuwa amesomea mambo ya sanaa. Alizitazama picha, akasifu bidii ya watoto, kisha akasema kwa upole kwamba kazi kama hizi ni za kuchezea mikono; hazitaitwa sanaa mpaka zichapwe kwa wino unaostahili, juu ya karatasi inayostahili. Kijana aliinamisha uso. Watu walipotawanyika alinijia mimi, akaniuliza kama ni bora aache kwanza, akusanye fedha mpaka apate vifaa vya kweli. Nami, kwa kuogopa kumvunjia heshima mgeni mwenzangu, na kwa mazoea yetu ya kumaliza kila jambo kwa neno jema, nikamwambia kwamba subira ni ufunguo wa faraja, angoje, wakati wake utafika.

Hilo ndilo neno ninalolijutia. Basi nisikilize wewe kijana, na nisikilize nawe ndugu msomaji, niwasimulie habari za mtu ambaye hakungoja.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika wilaya ya Tunduru, kusini mwa Tanganyika, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa jembe la mkono, watu wa kula walicholima. Jina lake lilikusanya dini mbili kubwa za nchi yake, Edward upande huu na Saidi upande huu. Tingatinga ni jina la ukoo wake. Wanaodhani alipachikwa kwa sababu ya lile tingatinga la kulimia wanakosea. Skuli aliisoma kidogo. Hakuna aliyemfundisha kuchora, wala hakupata kuingia chuo chochote cha sanaa.

Katika miaka ya 1950 alifanya kama walivyofanya vijana wengi wa kusini, akaenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Wazee wetu wa Tanga na Pangani watakumbuka zama zile. Mkonge ulikuwa ndio dhahabu ya Tanganyika, na uliwavuta watu kwa maelfu kutoka mbali, wale walioitwa manamba kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake kuliko kwa jina lake. Kutoka huko alikwenda Dar es Salaam, akafanya kazi za nyumbani na za bustani kwa Wazungu. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, wengi katika waajiri wa namna hiyo walifunga virago wakaenda zao. Tingatinga akabaki mjini na vibarua vya hapa na pale, kama walivyobaki maelfu wengine, bila ya mtu yeyote kudhani kwamba siku moja jina lake litatajwa Ulaya, Marekani na Japani.

Dar es Salaam ya miaka ile ilikuwa na soko la vitu vya sanaa. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa wakiuza vinyago vyao kwa wageni, na wachoraji kutoka Kongo walikuwa wakipita mitaani na picha zao mikononi. Inasimuliwa kwamba Tingatinga alizitazama picha za wale Wakongo, akaona zinanunuliwa, akajiambia kuwa na yeye anaweza. Mwaka 1968 akaanza. Alikuwa na umri wa miaka 36, mtu mzima, si mtoto wa kujifunza. Na hapa, kijana wangu wa Iguhu, ndipo penye somo lako.

Mchoraji aliyesomea kazi yake angetaka turubai lililovutwa juu ya fremu, na rangi za mafuta zitokazo Ulaya katika vijibomba vidogo, na brashi za kila namna. Tingatinga hakuwa na fedha za vitu hivyo, na pengine hakuwa hata na habari navyo. Alikwenda katika duka la vifaa vya ujenzi. Akanunua zile mbao nyembamba ngumu za kutengenezea dari, zinazoitwa hadibodi, ambazo ubao mmoja mkubwa una futi 8 kwa futi 4. Ukiukata mraba wa futi 2 kwa futi 2 unapata vipande 8 kamili, pasi na kupoteza hata kipande. Ndiyo sababu picha zake nyingi ni za mraba, za kadiri ya sentimita 60 kila upande. Kisha akanunua rangi ya kung'aa iuzwayo katika mikebe midogo, rangi ambayo watu wote waliijua kwa kazi moja tu: kupakia baiskeli.

Msomaji mpenzi, naomba tusimame hapa kidogo, maana wengi husimulia jambo hili kama kichekesho, kwamba maskini yule alichora kwa rangi ya baiskeli, kisha wakapita. Mimi naona hapa ndipo ilipo siri yake yote.

Rangi ya mafuta ya wachoraji hukauka polepole, siku na siku, na hivyo mchoraji huweza kuchanganya rangi mbili juu ya turubai, akaufifisha mwanga taratibu mpaka ukawa kivuli. Rangi ya baiskeli haikubali hivyo. Yenyewe hutandaa ikajisawazisha, ikakauka ikiwa ngozi moja nyororo inayong'aa. Ukiigusa kabla haijakauka, inachanika. Mwenye kuitumia hana budi kupaka eneo zima rangi moja, akangoja, kisha akaja juu yake na rangi nyingine. Basi Tingatinga alipaka nyuma ya picha rangi moja bapa. Juu yake akamweka mnyama mmoja, mkubwa, mwenye mpaka ulio wazi. Na juu ya mnyama akaweka madoadoa, nukta juu ya nukta, mistari juu ya mistari, kila nukta safi inang'aa kama shanga. Chui wake ana madoa yanayokaribia kuruka nje ya ubao. Ndege wake wana manyoya yaliyopangwa kama kazi ya mshona kofia.

Watu wakaipenda namna ile, wakaiita mtindo wa Tingatinga. Lakini mtindo ule ulizaliwa na mkebe. Laiti angekuwa na rangi za Ulaya, huenda angehangaika kuiga vivuli vya Kizungu kama walivyohangaika wengi, na leo tusingemjua. Rangi ya baiskeli ilimkataza mambo mengi, naye akatii, na katika kutii kwake akapata sauti ambayo hakuna aliyekuwa nayo kabla yake. Jambo la pili ni hili: rangi ile ilitengenezwa ivumilie jua, mvua na mikwaruzo ya barabarani. Wala haikuwa rangi dhaifu. Ilikuwa na nguvu kwa kazi moja, naye akaipa kazi nyingine.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu hawatundiki picha za viumbe wenye roho majumbani mwao. Mimi niliyelelewa chuoni, nikakaa mkekani mbele ya maalimu, nalifahamu jambo hilo na sitaki kulizungumza leo, kwani lina wenyewe wenye elimu. Mimi nazungumzia mkono wa fundi na kile kilichokuwa ndani ya mkono huo. Na kwa habari hiyo, sisi wa chuoni ndio tungepaswa kuwa watu wa mwisho kudharau wino wa masizi. Zamani wino wa chuoni ulikuwa nini kama si masizi na ute wa gundi ya mti? Kalamu ilikuwa nini kama si unyasi uliochongwa? Watoto wakiandika juu ya ubao, ubao ukaoshwa, ukaandikwa tena. Na kombe huandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe. Hakuna aliyepata kusema kwamba herufi zile si herufi kwa sababu wino wake haukutoka kiwandani.

Turudi kwa Tingatinga. Picha zake alizipeleka Oysterbay, mtaa uliokuwa na Wazungu na wageni wengi, akaziweka chini ya mbuyu nje ya duka lililoitwa Morogoro Stores. Duka la picha hakuwa nalo; mbuyu ndio uliokuwa duka. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka, naye mkewe akawa msaidizi wake katika kuuza. Walijaaliwa watoto wawili. Bei za mwanzo zilikuwa ndogo, lakini picha zilitoka, na siku hadi siku wanunuzi wakaongezeka. Ikafika hata shirika la umma lililoshughulika na sanaa likaanza kuzinunua kazi zake.

Kazi ilipomzidi alifanya jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko picha zenyewe: aliwaita jamaa na rafiki zake, akawafundisha. Katika waliokaa naye ni Simon Mpata, January Linda, Adeusi Mandu, Kasper Tedo, Omari Amonde na Ajaba Abdallah Mtalia. Hawakulipa ada wala hawakupewa vyeti. Walikaa chini, wakatazama, wakajaza rangi pale walipoambiwa, mpaka mkono ukazoea. Ni mafundisho yale yale ya fundi wa jahazi na mwanafunzi wake, au ya sonara na mwanawe. Na kwa kuwa vifaa vilikuwa vya bei ya chini, kila mmoja aliweza kuanza vyake. Laiti Tingatinga angechora kwa vitu vya gharama, wanafunzi wake wangekuwa wangapi?

Hatimaye ikaja mwaka 1972. Usiku mmoja alikuwa ndani ya gari mjini Dar es Salaam, na polisi waliokuwa wakiwasaka wezi wakalidhania gari lile kuwa ndilo la wezi, wakalifyatulia risasi. Tingatinga akapigwa, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 40. Mjane alibaki na watoto wadogo, na ile kazi ya chini ya mbuyu ikabaki bila ya mwenyewe.

Sasa hesabu nami, kijana. Kutoka mwaka 1968 mpaka 1972 ni miaka minne. Yote tunayomjulia Tingatinga, chui wake, ndege wake, wanafunzi wake, jina lake, yote yalitendeka katika miaka minne tu. Tuseme mwaka ule wa 1968 angekutana na mtu kama mimi, mzee mwenye maneno matamu, akamshauri angoje apate turubai na rangi za kweli. Tuseme angekusanya senti zake kwa miaka mitano, kwa subira njema. Mauti yangemkuta bado anakusanya. Pasingekuwa na picha hata moja, na leo mimi nisingekuwa na habari ya kukuandikia.

Wanafunzi wake hawakuiacha kazi. Walijikusanya wakaendelea pale pale, na mwaka 1990 chama chao kikasimama kuwa ushirika, kwa jina la marehemu. Leo ukienda Zanzibar, ukienda Arusha, ukija huku Mombasa, utaziona picha za Tingatinga zimetundikwa mbele ya maduka ya watalii, nyingi zimechorwa na watu waliozaliwa baada ya yeye kufa. Nyingine ni nzuri, na nyingine ni za kunakili tu, chui yule yule mara mia. Zile alizozichora kwa mkono wake mwenyewe, zilizouzwa kwa bei ya chini pale mbuyuni, ziko mikononi mwa wakusanyaji wa nchi za mbali, na zikipigwa mnada huleta fedha ambazo yeye hakupata kuzishika. Dunia ndivyo ilivyo. Lakini familia ngapi zimekula kwa mkebe ule wa rangi ya baiskeli, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Yule mgeni wa Iguhu aliyesema kwamba picha za soli na masizi si sanaa, ningependa nimkumbushe jambo moja kwa heshima. Lino lenyewe, hilo analoliita kifaa kinachostahili, lilikuwa nini mwanzo wake? Lilibuniwa na Mwingereza Frederick Walton katika miaka ya 1860, kwa mafuta ya kitani yaliyogandishwa na hewa na vumbi la gome la koki, yakatandazwa juu ya kitambaa cha gunia. Na kazi yake ilikuwa kukanyagwa. Miaka mingi ilipita kabla ya wachoraji wa Ulaya kulichonga, na walipoanza walidharauliwa kwamba wanachezea kitu cha sakafuni, kitu cha watoto wa skuli. Hata Pablo Picasso, ambaye jina lake halihitaji maelezo, aligeukia lino akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70, kule Vallauris, Ufaransa. Akachapa rangi nyingi kwa kipande kimoja tu: anachapa rangi ya kwanza, anachonga zaidi kipande kile kile, anachapa rangi ya pili juu yake, anachonga tena, mpaka kipande kimekwisha na picha imekamilika. Hakuna awezaye kurudi nyuma katika kazi ya namna hiyo. Basi kama tandiko la sakafu lilipanda cheo likawa kifaa cha Picasso, soli ya kandambili imekosa nini?

Walakini sitaki tena kukudanganya kwa maneno matamu ya upande wa pili. Si kila kitu kilichookotwa kinafaa. Masizi na mafuta ya kupikia hayakauki, umejionea mwenyewe. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kukatika. Rangi ya geti ikiwa na mafuta mengi huacha duara la manjano kuzunguka picha, na nimeliona duara hilo katika mafahali wako. Tingatinga hakuokota tu. Alichagua rangi iliyokuwa imekwisha kujaribiwa na jua na mvua. Nawe endelea kupima. Andika katika daftari ni masizi vijiko vingapi kwa rangi vijiko vingapi, na ni siku ngapi ilikauka. Itundike picha moja juani mwezi mzima uone kinachobaki. Nunua karatasi nzuri kidogo kidogo, maana karatasi ndiyo itakayobeba kazi yako ukiwa hupo. Lakini fanya hayo huku unachapa. Usingoje.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nilikuwa nikiisikia methali hiyo tangu utotoni, nikidhani inamkemea mvivu. Sasa naona inamkemea pia mshauri anayesimama kandoni mwa shamba na kumwambia mkulima aliyekwisha kuinama kwamba jembe lake halifai.

Nimempigia simu binti yangu anipelekee ujumbe kwa jirani yake. Nimeagiza picha moja ya mafahali, kwa bei atakayoitaja mwenyewe, nami sitaomba kupunguziwa. Nimeomba pia aniandikie nyuma yake, kwa mkono wake, kila kilichotumika: soli ya nani, rangi ya geti gani, udongo wa shamba lipi. Gazeti hili, likishasomwa na watu wa Iguhu, naye na alichukue. Akitaka, amwagie rangi yake juu ya ukurasa huu, linyonye mafuta yaliyozidi.